Makaratasi ya Ujerumani: njia zipi zinaishia kwenye ukaazi na zipi zinaishia uwanja wa ndege (uzi mrefu)

BintiTanga (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Dada, njia rahisi ya kuja Ujerumani ni ipi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naliweka hapa hadharani, na anayejua zaidi ataongezea nyama. Naongelea Ujerumani peke yake kwa sababu ndiko ninakoishi na kufanya kazi. Ni muuguzi, niko Leipzig. Ureno, Uingereza na Poland waulizwe walioko huko.

Hilo swali lenyewe mimi nina ugomvi nalo. Kuja na kubaki ni mambo mawili. Zipo viza zinazotoka haraka, halafu mwaka ukikatika unarudi Bongo na begi lako. Na zipo zinazokutoa jasho mwaka mzima kabla hujaisikia ndege, ila ukishaingia unaweza kuhesabu kwa vidole ni lini utashika ukaazi wa kudumu. Kila njia nitakayoigusa nitaiuliza hivi: inaishia wapi?

Ukaazi wa kudumu kwa Kijerumani unaitwa Niederlassungserlaubnis. Ukiupata hufungwi tena na mwajiri, na hauna tarehe ya kwisha. Wanachoangalia ni kwamba unajitegemea kimaisha, unazungumza Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B1 (ngazi za lugha zinapanda A1, A2, B1, B2 na kuendelea), umefaulu ule mtihani wa maswali 33 kuhusu sheria na maisha ya nchi, na umechangia mfuko wa pensheni miezi ya kutosha. Hapo kwenye pensheni ndipo njia zinapoachana. Kanuni ya jumla ni miaka mitano na michango ya miezi 60. Mtaalamu aliyesomea nje akaja na kibali cha kazi ya fani yake, tangu Machi 2024 ni miaka mitatu. Aliyesoma chuo au kujifunza kazi humu humu Ujerumani, miaka miwili tu baada ya kuanza kazi ya fani yake. Mwenye Kadi ya Bluu (Blaue Karte, kibali cha wenye digrii na mshahara mkubwa), miezi 27, na akiwa na B1 inashuka hadi 21. Aliyeoa au kuolewa na Mjerumani, miaka mitatu, ndoa ikiwa bado hai.

Mnaona sasa? Dalali anayekuuzia "viza ya haraka" hakuambii miezi yako itaanza kuhesabiwa lini. Viza ya utalii ya siku 90 haihesabu chochote, na ukiwa humu nayo kwa kawaida huwezi kuigeuza kuwa kibali cha kazi. Unarudi nyumbani kuomba upya.

Naendelea chini na njia ninayoijua kwa ndani.

BintiTanga

Hiyo njia ni AUSBILDUNG, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo. Uuguzi, umeme, uokaji mikate, hoteli, ufundi magari, orodha ni ndefu, zaidi ya fani 300. Unasaini mkataba na mwajiri, wiki fulani uko darasani, wiki fulani uko kazini, na unalipwa tangu mwezi wa kwanza. Nyingi ni miaka mitatu. Kwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne au cha sita ambaye kwao hakuna mamilioni ya kuweka benki, sijaona nyingine inayoikaribia.

Hesabu yake: miaka mitatu ya mafunzo, miwili ya kazi, jumla mitano, ukaazi wa kudumu mkononi. Na miaka yote hiyo umekula kwa jasho lako, hudaiwi na mtu.

Malipo yanatofautiana. Kima cha chini cha kisheria kwa mwaka wa kwanza wa mafunzo kwa walioanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi, ambayo haitoshi kuishi peke yako mjini. Uuguzi uko juu zaidi: hospitali zinazofuata mkataba wa watumishi wa umma zinalipa zaidi ya euro 1,300 mwaka wa kwanza kabla ya makato, mkononi unabaki na elfu moja na kidogo. Wenye fani za malipo madogo ubalozi utawadai waonyeshe pengo litazibwa na nini. Sheria inaruhusu kazi nyingine ya pembeni hadi saa 20 kwa wiki, lakini anayekwambia utafanya mafunzo ya uuguzi na saa 20 za pembeni hajawahi kushika zamu ya usiku.

Tangu 2020 mafunzo ya uuguzi yameunganishwa: hospitali, nyumba za wazee na watoto, cheti ni kimoja. Utazungushwa kote.

Sasa lugha, na hapa ndipo wengi wanapobwaga manyanga. Kwa viza ya Ausbildung kwa kawaida ni B1, na shule nyingi za uuguzi zinataka B2. Watu wananiambia "nitajifunza nikifika". Ngoja niwaonyeshe wodini kulivyo. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Wa usiku amechoka, anataka kwenda kulala, anakabidhi wagonjwa mbio mbio: chumba cha nne kakataa dawa ya presha, chumba cha sita anaenda eksirei saa mbili, asile kitu, mama wa dirishani kaanguka usiku, sukari ya yule mpya ilikuwa kadhaa. Hakuna anayerudia. Una kikaratasi kimekunjwa mfukoni mwa sare, unaandika unachokamata. Wanaoanza na lugha ya kuungaunga, kikaratasi kinajaa alama za kuuliza, na mmoja kati ya wale wagonjwa ndiye hatakiwi kula. Wanaoacha mafunzo katikati niliowaona, wengi kazi hawakuishindwa. Walichoka kutoelewa wanachoambiwa. Na ukiacha mafunzo, kibali kilichofungwa kwenye mafunzo hayo nacho kinaanza kuyumba.

Nafasi zinatafutwa bure. Nasema tena, BURE. Wakala wa Ajira wa serikali ya Ujerumani (Bundesagentur für Arbeit) ana tovuti ya nafasi zote, hospitali zinatangaza kwenye tovuti zao wenyewe. Mafunzo mengi yanaanza Agosti au Septemba, kwa hiyo maombi unaanza kuyatuma mwaka uliotangulia.

Kijana_wa_Mbagala

Naweka kambi hapa. Dada kuna jamaa hapa Dar anataka milioni nane, anasema mkataba wa hospitali anao tayari, lugha si lazima, "tutaongea na ubalozi". Ni wa kweli huyo?

BintiTanga

Mdogo wangu, tuliza mshono. "Tutaongea na ubalozi" ni sentensi ya tapeli. Ubalozi hauongewi. Unaweka nyaraka, wanazipima.

Mkataba wa Ausbildung ni karatasi inayoweza kuhakikiwa kwa barua pepe moja. Chukua jina la hospitali, tafuta mwenyewe tovuti yake (siyo namba aliyokupa yeye), andika kwa ofisi ya utumishi: je, mmetoa mkataba kwa jina hili? Wajerumani wanajibu barua pepe. Kama jamaa anakataa kukuonyesha jina la hospitali mpaka ulipe, umeshapata jibu bila hata kuandika. Na ujue kwamba nyaraka ya kughushi ikikamatwa ubalozini haiishii kunyimwa viza siku hiyo. Jina lako linabaki na doa.

Milioni nane hiyo hiyo inalipa kozi ya Kijerumani na mitihani yake, na chenji inabaki.

Mama_wa_Kinondoni

Mwanangu hujambo. Mimi ni msomaji tu humu, leo nimeona niulize. Binti yangu ana miaka 22, ametafutiwa familia ya kwenda kulea watoto, wanaita au-pair. Ni jambo jema au nimzuie? Nasikia watoto wa watu wanakwenda kufanywa mayaya.

BintiTanga

Sijambo mama, shikamoo.

Usimzuie, ila mwende mkijua mwisho wake. Au-pair ni ya mwaka mmoja, haiongezwi zaidi ya hapo. Anatakiwa awe hajafikisha miaka 27 anapoomba, awe na Kijerumani cha A1, na familia iwe inazungumza Kijerumani nyumbani. Kazi haitakiwi kuzidi saa 30 kwa wiki, ana siku ya kupumzika, chumba chake mwenyewe, chakula, bima inalipwa na familia. Posho ni euro 280 kwa mwezi na euro 70 ya kuchangia kozi ya lugha. Mambo haya yanaandikwa kwenye mkataba, msome wote wawili kabla hajasaini. Akikutana na familia inayomfanyisha saa 50, anaruhusiwa kubadilisha familia. Halazimiki kuvumilia.

Sasa inaishia wapi? Yenyewe kama yenyewe inaishia uwanja wa ndege. Lakini binti mwenye akili anaitumia mwaka huo kupata B1, anatuma maombi ya Ausbildung akiwa humu humu, anaitwa kwenye usaili ana kwa ana, na akishapata mkataba anaomba kubadilishiwa kibali kabla cha au-pair hakijaisha. Nimewaona wengi waliopita hapo. Wanaoumia ni wale wanaoanza kushtuka mwezi wa kumi na moja.

Njia ya kujitolea, kwa mipango yao iitwayo FSJ au BFD, ni ndugu yake. Mimi mwenyewe niliingia kwa BFD kwenye nyumba ya wazee. Unapewa posho, mara nyingi na malazi, unafanya kazi kamili mwaka mmoja, inaweza kufika miezi 18. FSJ ina kikomo cha miaka 27, BFD haina kikomo cha juu. Kuna pia mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts, unaopeleka vijana wa Kijerumani Tanzania, na tangu 2013 unawaleta wa kwetu huku. Huo umejengwa kwa kutegemea kwamba kijana atarudi nyumbani, na mashirika yanayomtuma yanaumia asiporudi kwa sababu wanaofuata wanakaziwa viza. Kwa hiyo ukiingia huko ingia kwa nia yake. Ukitaka kurudi Ujerumani baadaye, cheti cha lugha na barua ya nyumba ya wazee vitakufungulia.

Mkenya_Eldoret

Nimekuwa nikiusoma huu uzi tangu asubuhi. Sisi Wakenya tuliambiwa kuna nafasi 250,000 Ujerumani kwa ajili yetu. Rais alienda Berlin, mkataba ukasainiwa. Sasa mbona mimi nikiingia mtandaoni sioni pahali pa kujiandikisha?

BintiTanga

Ndugu yangu, huoni kwa sababu hakuna. Mkataba ni wa kweli, ulisainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Scholz, kansela wa Ujerumani wa wakati huo, wakiwepo. Ile namba 250,000 ilienea kwenye vyombo vya habari, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha waziwazi: mkataba hauna idadi wala mgao wowote. Ulichofanya ni kurahisisha ushirikiano kwenye viza na mafunzo, na upande wa pili kurahisisha kuwarudisha Wakenya wasio na haki ya kukaa. Hicho kipande cha pili hakikutangazwa sana Eldoret, nadhani.

Mkenya bado atapita njia zile zile kama mimi: mkataba wa kazi au mafunzo, lugha, vyeti. Mtu akikuuzia fomu ya "zile laki mbili na nusu", mwite mwizi.

Mzamiaji_mstaafu

Mdogo wangu umeandika vizuri, lakini mnawatisha vijana. Sisi wa miaka ya tisini nani alikuwa na B1? Tuliingia, tukajilipua (tukaomba hifadhi ya ukimbizi), wengine tukaoa, maisha yakaenda. Niko Hamburg hadi leo, nina wajukuu. Njia ziko mbili tu za uhakika, ndoa na kujilipua, hayo mengine ni ya wasomi.

BintiTanga

Kaka mkubwa, shikamoo. Heshima yako ipo, ila Ujerumani uliyoingia wewe siyo hii.

Ndoa kwanza. Tangu 2007 mwenzi anayetoka nje anatakiwa kufaulu A1 kabla ya kupewa viza, isipokuwa wachache waliosamehewa. Ukifika unapewa kibali kinachotegemea ndoa. Mkiachana kabla ya miaka mitatu ya kuishi pamoja humu, kwa kawaida kibali hicho nacho kinakwenda, ingawa sheria inamlinda anayepigwa au kunyanyaswa. Dada zangu mliolewa mkasikia "ukiniacha utarudishwa", jueni hilo na mtafute ushauri. Ndoa ya mapenzi ni njia safi kabisa, na mzazi wa mtoto Mjerumani ana haki yake ya kukaa kumlea. Ndoa ya makaratasi ni jambo jingine. Mume anaitwa chumba kimoja, mke kingine, mnaulizwa maswali yale yale: nani analala upande wa ukutani, jana mlikula nini, mama mkwe anaitwa nani. Kutoa maelezo ya uongo ili upate kibali ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka mitatu au faini. Na umemlipa mtu maelfu ya euro ambaye siku yoyote anaweza kurudi kukudai zaidi, utamshtaki wapi?

Kujilipua. Hifadhi ni haki ya mtu anayekimbia hatari, na kama wewe ni huyo, omba, usione haya. Nisichokikubali ni kijana aliyetoka Sinza salama salimini anatunga hadithi ya mateso aliyoisikia kwa mwenzake. Wanaosikiliza hadithi hizo kwenye BAMF, ofisi ya Ujerumani ya uhamiaji na wakimbizi, wamezisikia maelfu. Ukikataliwa unapewa Duldung, ambayo kisheria siyo kibali cha ukaazi, ni kuahirishiwa kuondolewa tu. Na aliyekataliwa hifadhi anakuta milango mingine ya kibali imebanwa mpaka atoke kwanza nchini. Nawajua watu wenye miaka mingi humu, vijana wenye nguvu, wanahesabu miezi ya Duldung kwenye kambi, wakati mwenzao aliyekaa Dar mwaka mmoja akisoma Kijerumani ameshamaliza Ausbildung.

Mzamiaji_mstaafu

Haya, kwenye Duldung umenishinda, nimeyaona. Nami niongezee moja ambalo hujalitaja. Ukishapata kibali, usikae nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ruhusa. Jamaa yangu alikwenda nyumbani msibani, mirathi ikawa ndefu, mashamba yana kesi, akakaa huko hadi miezi sita ikapita. Kurudi, uwanjani anaambiwa kibali kilishakufa chenyewe. Karatasi ilikuwa bado na miaka miwili ya tarehe.

BintiTanga

Hapo umesaidia watu, kaka. Mwenye Kadi ya Bluu ana miezi 12, wengine ni sita. Ukiona mambo ya nyumbani yatachukua muda, unaandika kwa ofisi ya wageni (Ausländerbehörde) KABLA ya kuondoka, wanaweza kukuongezea muda. Baada ya hapo ni kilio.

Mhitimu_UD

Dada na sisi wenye digrii? Umetusahau.

BintiTanga

Sijawasahau, nilikuwa naanza na wengi.

Kusoma: vyuo vingi vya umma havina ada, hata kwa wageni, unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo kabla ya kushangilia barua ya chuo angalia kiko jimbo gani. Kikwazo ni akaunti iliyofungwa (Sperrkonto): euro 11,904 ziwe ndani kabla ya viza, nawe utachota euro 992 kila mwezi ukifika. Kwa shilingi yetu ni milioni 30 na ushee. Familia zinauza kiwanja kwa hili, na ndiyo maana nasema usianze nalo kama huna moyo wa shule. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Nimeona wanaogeuza shule kuwa kisingizio na vibarua vya kubeba boksi kuwa kazi. Mitihani inawaangusha, chuo kinawafuta, na kibali cha mwanafunzi kinawafuata. Ukimaliza digrii unapewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi, na ukifanya kazi ya fani yako miaka miwili unaomba ukaazi wa kudumu. Wenye matokeo mazuri jaribuni pia ufadhili wa masomo wa DAAD, shirika la Kijerumani.

Kadi ya Bluu ni kwa mwenye digrii inayotambulika na mkataba wa mshahara mkubwa. Kwa 2025 kiwango kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na kwa fani zenye uhaba (wahandisi, madaktari, watu wa kompyuta) na wahitimu wapya euro 43,759.80. Kinapandishwa kila Januari. Kwanza angalia chuo chako na digrii yako kwenye kanzidata ya anabin (orodha ya Kijerumani ya vyuo na digrii za nje), haina malipo. Mtu wa kompyuta asiye na digrii lakini mwenye uzoefu wa miaka mitatu wa ngazi hiyo naye anaweza kuingia humo.

Fundi_umeme_Arusha

Salaam dada. Nina miaka 36, fundi umeme, cheti cha VETA cha zaidi ya miaka miwili, niko kazini tangu 2016. Nasikia kuna Kadi ya Fursa, unaingia bila mkataba. Nina sifa?

BintiTanga

Salaam kaka. Hiyo ni Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024. Inakupa mwaka mmoja wa kuingia na kutafuta kazi, huku ukiruhusiwa kufanya kazi yoyote hadi saa 20 kwa wiki.

Mlango wa kwanza: mafunzo yako yawe ya miaka miwili au zaidi na yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako, na uwe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Kwa cheti cha ufundi unaomba uthibitisho huo kwa ofisi yao iitwayo ZAB, inafanyika mtandaoni. Mlango wa pili ni pointi, unahitaji sita. Wewe tukuhesabu: umri wa 35 hadi 40, pointi moja. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita, kwenye fani hiyo hiyo, pointi tatu. Hapo nne. Kijerumani cha A2 kinakupa moja, B1 mbili, B2 tatu. Maana yake ukiwa na B1 umefika sita kamili. Bila Kijerumani hufiki.

Mlango wa tatu ndio mchungu: uonyeshe utajilisha mwaka mzima. Kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, jumla 13,092. Hapo ndipo mimi huwaambia mafundi wafikiri mara mbili. Kadi yenyewe haiishii popote. Mwaka ukiisha bila kazi, unarudi na pesa zimeliwa. Kwa fundi wa umeme aliye na B1 mimi ningetafuta mwajiri kwanza nikiwa Arusha. Chama cha mafundi (Handwerkskammer) cha eneo la mwajiri kinalinganisha cheti chako na cha kwao, ada yake kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 600. Wakisema umepungukiwa kitu fulani, tangu Machi 2024 kuna utaratibu unaokuruhusu kuja, ukaanza kazi na kujaza pengo ukiwa humu, mradi mwajiri akubali. Umeme ni fani ambayo waajiri wanalia hawana watu. Unaanza kuhesabiwa miezi ya pensheni tangu mshahara wa kwanza, na hujagusa hizo elfu kumi na tatu.

Ila usichelewe sana. Anayeingia kwa mara ya kwanza kwa kazi akiwa na miaka 45 au zaidi anatakiwa aonyeshe mshahara mkubwa au pensheni ya kutosha.

Kijana_wa_Mbagala

Na uraia je? Nasikia siku hizi ni miaka mitatu tu.

BintiTanga

Ilikuwa hivyo kwa muda mfupi. Sheria mpya ilianza tarehe 27 Juni 2024: miaka mitano badala ya minane, na hulazimiki kuacha uraia wako wa zamani. Ile ya miaka mitatu kwa waliofanya vizuri sana ilifutwa Oktoba 2025. Anayekuuzia habari ya miaka mitatu anasoma magazeti ya zamani.

Wajerumani hawakudai uache uraia wako, lakini Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua wa huku, wa kwetu unaondoka, na mambo ya ardhi na urithi yafikirie kabla hujala kiapo. Mkenya hana tatizo hilo tangu Katiba ya 2010. Ndiyo maana Watanzania wengi ninaowajua humu wameishia kwenye ukaazi wa kudumu na pasipoti yao ya Tanzania, maisha yanaendelea.

Mama_wa_Kinondoni

Ahsante mwanangu, umenitoa gizani. Viza yenyewe anaombea wapi, na akinyimwa?

BintiTanga

Mama, maombi ya viza za muda mrefu yanaanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, tangu Januari 2025. Anajaza, anapakia nyaraka, wakiridhika anaitwa ubalozini Dar, pale Umoja House, na nyaraka halisi na alama za vidole. Ada ni euro 75. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha RITA, na jina liandikwe sawasawa na la pasipoti na la vyeti vya shule. Herufi moja ikipishana anarudishwa kurekebisha, na huko ndiko miezi inakopotelea.

Akinyimwa, zamani aliandika barua ya kuomba wafikirie upya. Utaratibu huo ulifutwa Julai 2025. Sasa ama anaomba upya akiwa amerekebisha kilichokosekana, ama anakwenda mahakamani Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa au-pair ningeomba upya.

Na akishafika, ndani ya wiki mbili tangu ahamie ajiandikishe makazi yake ofisi ya mji. Bila ile karatasi hapati chochote.

Fundi_umeme_Arusha

Dada ahsante, nimenakili yote. Sasa Kijerumani hapa Arusha naanzia wapi? Mtihani lazima niende Dar?

BintiTanga

Darasa unaweza kuanza mtandaoni au kwa mwalimu yeyote mzuri wa hapo Arusha, hakuna anayekuuliza ulisomea wapi. Kinachoulizwa ni cheti cha mtihani unaotambulika. Goethe-Institut ipo Dar, Upanga, na ipo Nairobi. Kwako Nairobi ni karibu zaidi, unapita Namanga asubuhi na jioni umefika. Nafasi za mtihani zinajaa, kwa hiyo jiandikishe mapema kabla hata hujajiona uko tayari. Ukifika A2 niandikie, nitakutumia mfano wa barua ya maombi ya kazi ya Kijerumani uone inavyopangwa.